"Reli ya Chini kwa Chini" haikuwa reli

Mwanafunzi asiyeona wa Mbeya anaujua mngurumo wa treni ya TAZARA. Akisikia kwamba watumwa wa Marekani walitoroka kwa "Reli ya Chini kwa Chini", anawaza handaki na mabehewa. Ukimpa treni ya kuchezea aishike, umelikandika kosa kwa saruji. Treni haikuwepo. Lilikuwa fumbo la njia za siri za watoro: "stesheni" ni nyumba ya kujificha, "kondakta" ni kiongozi wa njia. Harriet Tubman, aliyetoroka Maryland mwaka 1849, alirudi mara 13 hivi na kuwatoa watu wapatao 70, wengi wakitembea usiku.

Mpe ramani ya kupapasa. Kwenye manila, bandika kamba ya katani iwe Mto Ohio, mpaka kati ya majimbo ya utumwa na majimbo huru ya kaskazini, uzi mwembamba uwe njia, na maharage yawe nyumba. Acha nafasi ya upana wa kidole kati ya alama na alama. Zikibanana, vidole vinasoma rundo tu. Usirundike yote kwenye karatasi moja: sheria ya mwaka 1850 ilipowalazimisha hata raia wa majimbo ya kaskazini kusaidia kuwakamata watoro, wengi walisonga hadi Kanada, na hiyo ni ramani ya pili. Baridi ya Juni huchelewesha gundi, kwa hiyo andaa siku mbili kabla, la sivyo maharage yatabaki viganjani.

Nyota ya Kaskazini, iliyowaelekeza watoro usiku, isikutishe. Kutoka Mbeya haionekani hata kwa mwenye macho. Darasa zima linahitaji maelezo yaleyale.