Si kila chenye herufi za Kiarabu ni msahafu

Nyumba moja kule Wete, Pemba, sisi tunaotafuta maandishi ya kale tulichelewa siku mbili tu. Mzee amefariki, arubaini imepita, watoto wakaamua kusafisha chumba. Kasha la vitabu walilimwaga uani wakavitia moto, tena kwa adabu kabisa: makaratasi yana maneno ya Mwenyezi Mungu, yasije yakakanyagwa. Tulikuta jalada la ngozi na kurasa chache zilizoungua pembe. Pembezoni mwa mmojawapo palikuwa na hesabu ya mikarafuu iliyouzwa, na jina la jirani aliyeshuhudia.

Siwalaumu. Msahafu uliochakaa huchomwa au huzikwa, na masheikh wameshaeleza. Lakini wazee wetu waliandika Kiswahili chenyewe kwa herufi hizo hizo. Barua, hati za mashamba, dawa za homa, tenzi, tarehe za kuzaliwa watoto kwa mwaka wa hijria, vyote vimo humo, mara nyingi ndani ya kitabu kimoja cha fiqhi, yaani sheria za dini, kwa sababu karatasi ilikuwa ghali. Matini ya katikati huenda ipo Cairo, Muscat na kwengineko. Cha pembezoni kipo kwenye kasha lako tu.

Kuandika kwa herufi hizi si kwa jana. Maandishi ya Kikufi, mtindo wa zamani wa herufi za Kiarabu, yaliyochongwa kwenye msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, yana tarehe ya mwaka 500 wa hijria, yaani 1107. Mkusanyiko wa maandishi na vitabu vya Kiarabu ulioko Nyaraka za Taifa, Kilimani, Zanzibar, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003. Pemba nayo ina Kamange na Sarahani, malenga wa karne ya 19. Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy walizikusanya tungo zao, Abdilatif Abdalla akazihariri, na kitabu kikatoka 2011. Karne nzima na ushei baadaye! Fikiria beti ngapi zilipotea njiani.

Nao usomaji wake si mchezo, hata kwa aliyehitimu chuo cha Kurani. Kiarabu hakina p wala ch, na hakitofautishi o na u. Waandishi wengi wa zamani walitumia be, yaani herufi ya b, kwa p, na shini, ya sh, kwa ch. Basi ukikuta be mbili, huyo ni baba au ni papa? Ukikuta shini yenye dhuma, alama ya u au o, kisha kafu, yaani k, mtu ameshuka, amechoka, au ameshika shoka? Atakayekuambia ni mtu aliyewahi kuusikia ubeti ule ukiimbwa. Ndiyo maana sisi tukipata karatasi, kitu cha kwanza tunachotafuta ni bibi wa mtaa huo, kamusi baadaye.

Sasa, ukilifungua kasha. Usiunganishe kurasa kwa selotepu; gundi yake hugeuka manjano ikala karatasi. Usizipeleke dukani kutiwa plastiki. Zikilowa, ziache kivulini penye upepo, juani zitakakamaa na kuvunjika. Mfuko wa nailoni huzitolesha jasho na ukungu ukafuata, bora kipande cha bafta safi. Kasha lisikae chini, mchwa hawasomi.

Na usizipange upya. Vitabu vingi vya zamani havina namba za kurasa, lakini tazama chini kabisa ya ukurasa, kwenye kona: utaona neno moja limekaa peke yake. Hilo ndilo neno linaloanza ukurasa unaofuata. Mwandishi alikuwa anakuonesha njia. Ukichanganya kurasa kabla ya kuzipiga picha, umemfunga mdomo.

Picha ipige karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, na pembe zote nne zionekane, hata ukurasa unaoudhani mtupu. Kisha mwite shangazi au babu aliyebaki, mkalishe barazani, uwashe kinasa sauti, umsomee unachoweza. Pale utakaposoma "shuka" akakukatiza, "Ah, mwanangu, si shuka hiyo, ni choka", usizime simu.