Mvua ya wastani, mahindi makavu: maelezo kwa wakulima wa Dodoma

Mahindi yakikauka shambani, malalamiko yanayofika idara yetu ya kilimo huwa mawili: Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ilituahidi mvua, na mbegu ya dukani ni feki.

TMA haiahidi. Ikisema mvua za wastani, inazungumzia jumla ya msimu mzima, Novemba hadi Aprili. Dodoma hupata takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na jumla hiyo yaweza kutimia huku wiki tatu za Februari zikipita bila tone, mahindi yakiwa kwenye mbelewele, yaani yakitoa maua. Ukavu wa Februari si mgeni; kilichobadilika ni joto, linalonyonya unyevu wa udongo upesi zaidi. Utabiri hutaja pia vipindi vya ukavu. Tafadhali usomwe wote.

Mtama nao tuache kuuita chakula cha njaa. Ukavu ukija husimama kukua, mvua ikirudi huendelea; mahindi hayana subira hiyo. Mtama wa aina ya Macia hukomaa kwa takriban miezi mitatu na nusu. Penye kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao, ulizia aina za Hakika au Wahi. Ndege kweleakwelea watakuja, ni kweli, kwa hiyo majirani wapande pamoja, lisikomae shamba moja peke yake.

Kutunza maji, yapo mashimo yaliyobuniwa kijijini Chololo, hapahapa Dodoma: upana sentimita 22, kina 30, shimo hadi shimo 60, mstari hadi mstari 90. Yachimbwe kiangazi, samadi ikae chini, na udongo uliotoka uwekwe upande wa chini wa mteremko. Mwaka wa kwanza kazi ni nzito.

Kuhusu mbegu: pakiti halali ina lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Kwangua, hakiki namba kwa simu kabla ya kulipa, si baada ya kupanda. Dai risiti yenye jina la mbegu, tarehe na namba ya toleo. Tunza risiti, lebo, pakiti na mbegu kidogo iliyobaki. Mbegu ulizopanda zisipoota, mwite afisa ugani wa kata ashuhudie kabla hujarudishia, yaani kupanda upya. Kuuza nafaka ya ghalani iliyopakwa rangi kama mbegu ni kosa chini ya Sheria ya Mbegu ya 2003, lenye faini na kifungo, lakini pasipo vielelezo hivyo shauri halifiki mbali.

Mbegu iliyopandwa kwa mvua moja ya manyunyu ikafia udongoni haimo katika kesi hiyo.