Supu ya Kitimoto: Ladha Imo Kwenye Mchuzi, Lishe Imo Kwenye Nyama

Katika kampeni ya nyama salama hapa Dodoma, swali moja halikomi: supu ya kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, inaongeza damu? Haiongezi. Miguu, ngozi na mifupa vikichemshwa taratibu kwa saa kadhaa hutoa jelatini, ndiyo maana supu huganda ikipoa. Lakini jelatini ni protini pungufu, na madini ya chuma yanayoingia kwenye mchuzi ni kidogo mno. Anayetaka damu ale ini na minofu. Inaumiza kumwona mtoto akinyweshwa maji ya supu huku nyama ikiliwa na wakubwa, wakati utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa takriban watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto aliyetimiza miezi sita apondewe nyama laini kwenye uji mzito.

Jikoni, hata hivyo, mchuzi huu ni mali. Engua povu, uache upoe, toa mafuta yaliyoganda juu, kisha upikie kunde au mlenda. Kwa ugali wa uwele, hakuna mboga ya kuushinda. Chumvi iwekwe mwishoni.

Sasa muhuri wa ukaguzi wa nyama, ambao wengi bado wanauita usumbufu. Nguruwe husafirishwa kwa kibali cha afisa mifugo na kuchinjwa machinjioni. Mkaguzi hupasua misuli ya taya, hukagua ulimi na moyo, akitafuta vifuko vyeupe vya tegu, mnyoo mrefu bapa wa tumboni. Nyama iliyo salama hugongwa muhuri. Iliyojaa vifuko huteketezwa. Anayeuza nyama isiyokaguliwa hunyang'anywa, na anaweza kushtakiwa. "Tumechinja wenyewe nyumbani" si utetezi.

Wapo wanaosema kitimoto huleta kifafa. Tueleweshane: nyama mbichi yenye vifuko humpa mlaji tegu tumboni. Kifafa cha aina hii hutokana na mayai ya tegu yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu huyo, yakaingia mdomoni kupitia mikono, maji au mboga, kisha viluwiluwi vikajenga kwenye ubongo. Kwa hiyo nyama iive hadi ndani, choo kitumike, mikono ioshwe kwa sabuni.

Supu iliyobaki igawanywe kwenye vyombo vipana ipoe upesi, iingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na ichemshwe tena hadi itokote kabla ya kunywewa. Mifupa ifukiwe. Usiwarudishie nguruwe makombo: homa ya nguruwe ya Afrika haimwambukizi binadamu, lakini virusi vyake hukaa muda mrefu kwenye nyama, na ikiingia bandani haina tiba.