Kruzi kontroli "imekufa": maana yake nini hasa

Kruzi kontroli ni ile kazi ya gari ya kushika spidi yenyewe. Ukifika 80 unabonyeza kitufe kilichoandikwa SET, unatoa mguu kwa akselereta, na gari inabaki pale pale 80 hata ikianza kupanda kilima, mpaka ukanyage breki. Gari nyingi tunazoendesha hapa Uganda zimetoka Japani zikiwa zimeshatumika, zingine zinakuja na hivyo vitufe kwa usukani na mwenyewe anakaa miaka bila kuvigusa, manake ndani ya jam ya Kampala utashika spidi gani. Siku anaingia ile barabara ya kulipia ya Entebbe, ama ameshapita Luwero anaelekea Karuma na njia imenyooka, ndio anabonyeza. Haishiki. Anakuja gereji anasema kruzi imekufa.

Hilo neno "imekufa" ndilo nataka tuliangalie, ju karibu kila mara sio kweli, na linafanya watu wanunue spea ambazo hawazihitaji. Kruzi kontroli sio kifaa kimoja kama honi. Ni ruhusa. Kompyuta ya gari inauliza kwanza: tunaenda spidi ngapi (gari nyingi haikubali chini ya kama kilometa 40 kwa saa), gia iko wapi, breki imekanyagwa ama la, kama ni manyuali klachi je, injini iko na kosa lolote? Wote wakijibu vizuri ndio inashika throto, ule mlango unaoingiza hewa kwa injini. Mmoja akijibu vibaya ama akinyamaza, inakataa, na inakataa makusudi, ju ni afadhali ikunyime raha kuliko ikimbie na wewe. Kwa hivyo kruzi ikikataa, mara nyingi yenyewe ni nzima, inakuambia kuna kitu kingine kibovu.

Na hicho kitu kingine, anza na breki. Mwaka jana mzee mmoja alitoka Bombo akaja kwetu, akanisalimia akasema, "Mwanangu, kruzi inakataa, na betri nayo kila asubuhi naikuta chini." Nikamwambia, "Mzee wangu, tuzime gari kwanza tuzunguke nyuma." Gari imezimwa, hakuna mtu ndani, taa za breki zinawaka. Nikaingia kichwa chini ya deshibodi na tochi ya simu, kwa mati nikakuta vipande vidogo vidogo vya plastiki, vimekauka kama ganda la yai. Kwenye mkono wa pedali ya breki kuna tundu, na kwenye tundu kunakaa kidude kama kifungo cha shati, ndicho pini ya swichi ya breki inaegemea. Miaka ikipita na joto hili letu kinakauka kinapasuka, pini inapenya tundu, na gari inaamini umekanyaga breki usiku na mchana, taa zinawaka mpaka betri inaisha. Kidude kile ni shilingi elfu chache tu. Mzee alikuwa ameshaambiwa kwingine abadilishe kompyuta! Iliniuma sana.

Kinyume chake pia kipo, na ndicho kinanitia hofu zaidi: swichi imekufa, taa za breki haziwaki kabisa, dereva anaona tu kruzi inakataa wakati lori la nyuma yake halioni anaposimama. Swichi nyingi zina njia mbili ndani, moja inawasha taa, nyingine inaambia kompyuta mguu uko juu ama chini, na zikipishana majibu, skana (kile kifaa cha kusoma makosa kwa kompyuta ya gari) inatoa namba ya kosa P0504. P0571 nayo inaelekeza kwa hiyo hiyo swichi, P0500 ni sensa ya spidi, yaani kile kinachopima spidi. Fyuzi pia usiiruke, na ukikuta taa ya cheki injini inawaka, tibu hiyo kwanza, gari nyingi zinazima kruzi zenyewe mpaka kosa liishe.

Kama breki ni safi, bonyeza honi. Honi hailii, vitufe vya redio vya kwa usukani havifanyi kazi, taa ya eabegi (ule mfuko wa hewa unaofumuka ukigonga) inawaka? Basi ni ule waya bapa ulioviringwa nyuma ya usukani kama utepe, umekatika. Hapo tafadhali usifungue tu, eabegi iko mbele ya uso wako. Toa waya wa hasi wa betri, usubiri, Toyota wenyewe wanasema angalau sekunde 90, nyoosha matairi ya mbele, na huo waya mpya ukiuweka hauko katikati utakatika ukikata kona ya kwanza.

Gari za zamani zina kebo na mpira wa hewa unaovuta throto, huko tafuta paipu iliyopasuka. Zile mpya zinazofuata gari la mbele zina rada kwa bampa au nyuma ya nembo, na tope la marram ama bampa lililogongwa likarudishwa kombo linatosha kuifanya ikatae.

Ukimaliza, jaribu kwenye barabara kavu isiyo na watu, mvua ikinyesha acha. Ikishika, gusa breki kidogo sana, kama unakanyaga yai. Lazima iachie hapo hapo. Isipoachia, kanyaga breki mpaka gari itulie, zima kruzi kwa kitufe chake kikuu, na usiiwashe tena mpaka hiyo swichi iangaliwe upya.