Dodoma si jangwa

"Dodoma ni jangwa, mtu atafanya nini?" Kauli hii ni ya miaka mingi, na si kweli. Jangwa kwa kawaida hupata mvua chini ya milimita 250 kwa mwaka. Dodoma hupata kama 550 hadi 600. Ni nusu kame. Shida ni kwamba mvua hiyo huja kwa msimu mmoja, tena kwa kishindo, na penye ardhi tupu maji hukimbilia korongoni.

Kondoa, wilaya ya mkoa huohuo wa Dodoma, ilionyesha mapema kwamba ardhi tupu inaweza kurudishiwa uoto. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyomomonyoka. Uoto ukarudi, ingawa wafugaji ndio waliobeba gharama.

Siku hizi kuna njia nafuu zaidi ya kurudisha miti: kisiki hai. Mti uliokatwa shambani bado una mizizi na huchipua. Unachagua machipukizi machache yaliyonyooka, unapogoa mengine, unafunga kitambaa kama alama. Hakuna kitalu wala kumwagilia.

Je, kilimo cha Dodoma kinahusianaje na misukosuko ya dunia? Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilisaidia kupandisha bei ya mbolea na mafuta ya kula hadi huku. Anayelima mahindi matupu huumizwa na ukame, kisha na duka. Mwenye mtama, uwele na alizeti, mazao yanayovumilia ukame zaidi, ana pa kushika.

Lakini mbuzi wa jirani hawajui mpaka. Bila sheria ndogo za kijiji zinazosimamiwa kweli, machipukizi yako ni lishe yao.