Kutoa filta hakuongezi nguvu ya bodaboda

Pikipiki ya cc 125 au 150 ikianza kukosa nguvu mlimani, mteja huja na dawa yake mkononi: "Fundi, toa filta ya hewa na utoboe ekzosi, ipumue." Hapana. Ushauri huu umeua injini nyingi ambazo bado zilikuwa na maisha.

Ukweli ni kwamba jeti ya kabureta, yaani kitundu kinachopima petroli, imepimwa pamoja na filta ile na ekzosi ile. Ukivitoa, hewa inaongezeka lakini petroli haiongezeki kwa kiasi hicho. Injini hutoa nguvu nyingi ikipata takribani gramu 13 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Hewa ikizidi sana, mwako unapungua kasi, injini inachemka, plagi inatoka nyeupe, na ukiachia mafuta ekzosi inapiga risasi. Unasikia kelele imeongezeka, unaamini nguvu imeongezeka. Ipandishe mlima na abiria wawili utaona.

Vumbi ni baya zaidi. Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Ikichanganyika na oili inakuwa msasa. Ringi zinalika, mgandamizo wa ndani ya silinda unavuja, moshi wa bluu unaanza, na hapo unadaiwa kuchonga bloku (kupanua silinda) na kununua pistoni ya oversaizi. Yote hayo kwa kukwepa kuosha sponji ya filta! Ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, idondoshee oili ya injini kisha uikamue. Filta ya karatasi haioshwi: ipulize kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, ikiziba nunua nyingine.

Zipo dawa nyingine za aina hiyo. "Ongeza jino moja sproketi ya mbele, itakimbia." Kutoka meno 14 kwenda 15 unapoteza kama asilimia 7 ya nguvu ya kuvuta. Ukibeba mizigo, utashusha gia kila kimlima.

"Oili ya gari ni sawa tu." Klachi ya pikipiki nyingi inaogelea kwenye oili ya injini. Oili ya gari yenye vilainishi vya ziada inaifanya iteleze: injini inalia, tairi halifuati. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya aina hiyo.

"Tapeti nzuri hazisikiki kabisa." Tapeti ni skrubu zinazoweka mwanya juu ya valvu. Zikibanwa mno, valvu haifungi vizuri, mgandamizo unavuja, na valvu ya kutolea moshi inaungua kwa sababu hupoa inapokalia kiti chake. Anza kwa kupima tapeti kabla ya kununua chochote. Injini iwe baridi, ikiwezekana imelala usiku mzima. Zungusha injini hadi alama ya T iliyo kwenye gurudumu la sumaku ifike kwenye mstari, tapeti zote mbili zikiwa na mchezo. Kama moja imebana, zungusha injini raundi moja zaidi. Pikipiki nyingi za daraja hili hutaka mwanya wa kati ya milimita 0.05 na 0.10, lakini fuata kitabu cha modeli yako na utumie filagaji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya), si sikio. Ukishakaza nati, pima tena, maana skrubu huzunguka nayo.