Shoki ya umeme: dawa ya usingizi si ile yoyote tu

Nairobi ukitaja Mathari tu, ile hospitali ya magonjwa ya akili, kuna mtu atasema huko wagonjwa hufungwa kwa kitanda wakapigwa stima wakiwa macho. Kitambo kweli ilikuwa hivyo, 1938 pale Roma madaktari Cerletti na Bini walipoanza hii tiba ya kupitisha umeme kwa ubongo hakukuwa na dawa ya usingizi, watu walitetemeka mpaka wengine wakavunjika mifupa. Utaratibu wa sasa ni nusu kaputi kwanza, alafu dawa ya kulegeza misuli, ndio umeme ufuate.

Alafu kuna hii ya ati dawa yoyote ni sawa bora ulale, na ikiwa kali zaidi ndio poa. Hapana bana! Umeme kazi yake ni kuamsha kifafa kifupi kwa ubongo, na hicho kifafa ndicho kinatibu, sasa shida ni dawa nyingi za usingizi huzima kifafa, kwa hivyo ukiongezwa dozi sana utalala vizuri lakini tiba haitashika. Kuna dawa ya usingizi inaitwa propofoli, hiyo unaamka haraka na presha haipandi sana, ila inafupisha kifafa (kufupika pekee si kusema mgonjwa hatapona). Nyingine, etomideti, inakiacha kirefu lakini inakandamiza tezi za adrenali (zile za juu ya figo) na mwili unaweza rukaruka. Ndio maana mwenye moyo mbaya na kijana mzima si lazima wapewe kitu kimoja.

Ketamini, nayo ni ya usingizi, wanaiita dawa ya farasi, na iko kwa orodha ya WHO ya dawa muhimu za binadamu. Haizimi kifafa vile propofoli inafanya, lakini inapandisha presha, na umeme wenyewe tayari unaipandisha, so mwenye presha waangalie sana.

Yenye hunikasirisha ni ya kumpa mgonjwa Valium, dawa ya kutuliza wasiwasi, usiku kabla ya tiba ati asiogope. Valium inazuia kifafa! Kama anaitumia daktari aambiwe mapema, na msiikatize wenyewe ghafla.

Na ukiona mguu mmoja unatetemeka usidhani usingizi haujashika. Huo mguu hufungwa mkanda wa presha kabla suksamethoni iingie, ile ya kulegeza misuli, isifike huko, ndio madaktari waone kifafa kimechukua sekunde ngapi.